Huku Si Kusaidia

Ofisini walimwita Sindano. Si kwa sababu alichoma, maana hakuwahi kumchoma mtu hata kwa jicho. Bosi wake ndiye aliyesema, siku ya kwanza tu alipomsikia akijitambulisha, kwamba sauti ya binti huyu ni kama sindano iliyoanguka sakafuni: mpaka watu wote wanyamaze ndipo uisikie. Wakacheka, naye akacheka nao huku akitazama viatu vyake, na jina likaganda.

Bosi mwenyewe aliitwa Kamusi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Ofisi yake ya tafsiri ilikuwa juu ya duka la viatu: meza tatu, mashine moja ya kuchapa iliyokohoa kabla ya kila ukurasa, na dirisha lisilofunguka. Walifasiri vyeti, mikataba, barua za ndoa zilizovunjika, na zaidi ya yote maelezo ya mashahidi. Baraza la migogoro ya kazi lilisikiliza watu kwa Kiswahili lakini liliweka kumbukumbu zake zote kwa Kiingereza, na hapo ndipo Kamusi alipopatia riziki yake.

Kila maelezo yaliyofasiriwa yalipaswa kuwa na mhuri chini: *Yamesomwa kwa mwenyewe kwa lugha yake, naye ameyakubali.* Sheria nzuri, ungedhani. Lakini kila Jumatatu asubuhi Kamusi aliketi na rundo la karatasi tupu, akazigonga mhuri moja baada ya nyingine, ta, ta, ta, kama mtu anayeua mende. Wiki nzima karatasi zile zilingoja maneno. Mwenye maneno hakuitwa kamwe.

"Tukianza kumwita kila mtu aje asomewe," alisema Kamusi, "tutafungua na hoteli hapa walale."

Sindano alikuwa ametimiza miezi saba bila kusema lolote juu ya karatasi zile. Kazi yenyewe aliitafuta miaka miwili tangu atoke chuoni. Dada yake, msusi, ambaye walikaa naye chumba kimoja, alimwambia, "Wewe unyamaze hivyo hivyo mdogo wangu. Bakuli la uji halijawahi kumfukuza mtu kwa kunyamaza." Na Sindano akanyamaza, uji ukapatikana.

Jumanne lilikuja faili la mlinzi wa kiwanda cha nguo.

Lilikuwa jembamba. Juu palikuwa na barua ya kiwanda: mlinzi wa getini amefukuzwa kazi kwa kuacha lindo lake saa za kazi na kuvunja mlango wa kiwanda bila ruhusa, siku ulipotokea moto mdogo katika chumba cha kushonea. Ikafuata kanuni ya walinzi, ukurasa mmoja, kifungu cha tisa kimepigiwa mstari: mlinzi haruhusiwi kuacha lindo wala kuvunja chochote, isipokuwa kuokoa maisha. Halafu taarifa ya kiwanda kwa Kiingereza, iliyosema wafanyakazi walitoka kwa utaratibu kupitia mlango wa nyuma, na kwamba mlinzi mmoja "assisted", yaani alisaidia. Mwisho kabisa yakaja maelezo ya mlinzi mwenyewe, kwa mwandiko uliopinda kama wa mtoto, mistari mitatu tu:

*Niliona moshi. Nikaenda mlango wa nyuma. Nikawasaidia kina mama kutoka.*

Sindano aliisoma mistari ile mara nne. Kama mlango wa nyuma watu walikuwa wanatoka tu kwa utaratibu, mlinzi alivunja nini? Na kama alivunja, kwa nini hakusema?

"Mbona unalitazama kama picha ya mchumba?" Kamusi aliuliza. "Mistari mitatu hiyo. Dakika tano."

"Bosi, naomba nimwite mwenyewe."

"Nani?"

"Mlinzi. Nimsomee."

Mwenzao wa meza ya tatu aliacha kuchapa. Kamusi alishusha miwani mpaka ncha ya pua. "Sindano, unaumwa?"

"Namba yake ya simu iko hapa," alisema Sindano, na kabla woga haujamkamata mkono alikuwa ameshapiga.

Mlinzi alifika saa nane mchana, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Washonaji walimwita Mzee Filimbi, kwa ile filimbi aliyoipulizia malori getini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji kuanzia vidoleni hadi kifundo; ndiyo maana mwandiko ulipinda, aliandika kwa kushoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekosea kuandika?"

"Hapana. Nataka nikusomee ulichoandika, kisha unieleze kilichotokea. Vyote."

"Vyote viko hapo."

"Mzee, hapo kuna mistari mitatu. Hata orodha ya sokoni huwa ndefu kuliko hiyo."

Mzee akacheka kidogo, akavuta kiti. Akaanza kwa kusitasita, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtu mwingine. Ilikuwa saa sita na nusu. Waya wa pasi kubwa ulishika, marobota ya kitambaa yakashika, moshi ukajaa. Mlango wa mbele ndiko moto ulikokuwa. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli, kwa nje, kama kila siku, maana kiwanda kiliogopa vitambaa kuibiwa. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi alikuwa amekwenda kula.

"Wangapi walikuwa ndani?"

"Thelathini na mmoja. Asubuhi huwa nawahesabu wakiingia."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua nondo pale wanapojenga ukuta, nikapiga komeo. Pigo la kwanza halikulitoa. Likatoka baadaye." Alitazama bandeji yake. "Chuma kilikuwa cha moto. Mlango ukafunguka, lakini hawakutoka, moshi ulikuwa mzito, hawaoni. Nikaingia nikapuliza filimbi, wakaifuata. Nikahesabu. Ishirini na tisa. Nikarudi. Wale wawili walikuwa chini ya meza ya kukatia."

"Ukawatoa."

"Nikawasaidia, ndiyo."

Sindano aliweka kalamu chini.

"Mzee, nisikilize. Maelezo yako yatasomwa kwa Kiingereza. Na Kiingereza kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina uzito wake. Kuna 'help'. Hilo ni mtu anapika, wewe unamshikia sufuria. Kuna 'assist'. Ni lile lile, ila limevaa tai: mwenye kazi ni mwingine, wewe umesimama pembeni unampa nyundo. Kuna 'aid', hilo hupenda kufika na magunia na kupigwa picha. Halafu kuna 'rescue'. Hilo maana yake bila wewe hakuna aliyetoka."

"Hilo la mwisho ni la sinema, mwanangu."

"Ni lako."

"Mimi ni mtu wa getini. Nikienda mbele za watu kusema niliokoa roho thelathini na moja, watasema mzee amevimba kichwa. Mama yangu alinifundisha, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri chako hakitajiuza, Mzee. Wameshakifungia stoo, na ufunguo anao msimamizi."

Mzee Filimbi alimtazama binti huyu mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akarudia habari yote tangu mwanzo, polepole, na Sindano akaiandika kama alivyoisema, kufuli, nondo, filimbi, meza ya kukatia. Akamsomea, akaikubali, akatia dole gumba la kushoto maana la kulia lilikuwa ndani ya bandeji. Mwishoni bado iliandikwa *nikawasaidia*. Hakumbadilishia. Maneno yalikuwa ya mzee, si yake. Ila alipofika upande wa Kiingereza, akayatazama yote yaliyotangulia neno lile, nondo na moshi na watu wawili chini ya meza, akaandika "rescued".

Kamusi aliisoma jioni amesimama.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye maelezo yake."

"Maelezo yake yanasema kusaidia. Kusaidia ni 'help'. Mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Mtoto wa darasa la tatu hajaambiwa kuhusu kufuli, bosi."

Alishangaa mwenyewe kusikia maneno yale yametoka kinywani mwake. Kamusi akavuta kiti, akaongea kwa upole, na upole wa Kamusi ulikuwa mbaya kuliko kelele zake. "Binti yangu, sikia. Wewe una moyo mzuri, na moyo mzuri ni kitu cha nyumbani. Anayetuletea kazi hizi ni kiwanda. Kiwanda kimeshaandika 'assisted'. Sisi tukiandika hivyo hivyo, makaratasi yanakubaliana, baraza linafurahi, mwezi ujao wanatuletea mengine. Mzee hatakufa kwa neno moja."

"Kifungu cha tisa, bosi. Akisaidia tu, amevunja kanuni. Akiokoa, hakuvunja. Neno moja ndilo kazi yake."

"Basi na wewe kumbuka ya kwako."

Kamusi alichukua karatasi moja kutoka kwenye rundo la Jumatatu, yenye mhuri tayari, akaketi kwenye mashine akachapa mwenyewe. Ilikohoa, ikatoa ukurasa. Kufuli halikuwamo. Nondo haikuwamo. Mistari mitatu, safi, na "assisted" limekaa katikati kama bwana harusi. Akaibana kwenye faili. Ya Sindano akaitupa kwenye kapu.

"Alhamisi utakwenda wewe kukalimani," alisema akichukua koti lake. "Mimi nitakaa nyuma. Sauti yako hiyo inafaa: hakuna atakayesikia ukikosea."

Usiku ule Sindano hakumwambia dada yake lolote. Lakini Alhamisi alfajiri, dada yake akimsuka nywele kwa ajili ya kikao, alimshika bega. "Mbona shingo imekaza hivi? Kama kamba ya kuanikia nguo."

"Dada, nikifukuzwa kazi utanilisha?"

Mikono ya msusi ilisimama. Kisha ikaendelea. "Nitakulisha na kukutukana. Vyote kwa pamoja."

"Sawa."

"Umeiba?"

"Bado sijafanya kitu."

"Basi kifanye na utembee wima, nisije nikapoteza unga wangu kwa mtu aliyeinama."

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, feni moja iliyozunguka bila kuleta upepo, na benchi za nyuma ambako washonaji waliketi wamebanana. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Wakili wa kiwanda alikuwa kijana wa manukato. Kamusi aliketi karibu na mlango, mguu juu ya mguu.

Mwenyekiti alifungua faili, akasoma ule ukurasa wa Kiingereza kwa sauti. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumeza mate. "Mkalimani, muulize mlinzi kama haya ndiyo maelezo yake na kama alisomewa."

Sindano alisimama. Alijua jibu jepesi: amsomee mzee mistari mitatu, mzee aseme ndiyo kwa adabu yake, mambo yaishe, uji uendelee.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini? Sema kwa nguvu."

"Hayajasomwa kwake. Maelezo aliyosomewa na kuyatia dole ni mengine. Niliyaandika mimi. Mhuri huo uligongwa Jumatatu, na mzee alikuja Jumanne."

Kule nyuma mguu wa Kamusi ulishuka kutoka juu ya mguu mwingine. Wakili akainuka kama aliyeketi juu ya jiwe. "Mheshimiwa, mkalimani yuko hapa kukalimani, si kutoa ushahidi!"

"Ndiyo maana nasema," alijibu Sindano, na sauti ilikuwa imeanza kupanda bila yeye kuiomba. "Siwezi kukalimani maneno ambayo mwenyewe hakuyasema."

Mwenyekiti alitazama saa ya kulia, kisha ya kushoto. Akaufunga ukurasa ule kwa kiganja. "Haya. Mhuri nitaushughulikia kwa wakati wake. Mzee yupo hapa, ana mdomo. Mzee, simama ueleze mwenyewe. Mkalimani, twende kwa Kiingereza kwa ajili ya kumbukumbu."

Mzee Filimbi akasimama, koti lake linang'aa. Akaeleza habari ya moshi, kufuli na nondo. Sindano akafuata kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na karani akaandika. Kwenye kufuli wakili aliinua mkono, mwenyekiti akaushusha kwa jicho. Halafu mzee akafika mwisho, akainamisha kichwa kama mtu anayemaliza sala, akasema:

"Basi, nikawasaidia kina mama kutoka."

Wakili akatabasamu. "Kumbukumbu iandike hivyo, mheshimiwa. Kusaidia. Neno ni lake mwenyewe, kinywani mwake mwenyewe."

Karani aliinua kalamu akimngoja Sindano. Chumba kizima kilimngoja. Jumanne, mbele ya karatasi, alikuwa peke yake, akaandika alichokiona kuwa kweli. Hapa mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na akimwekea neno asilolitaka, atakuwa amefanya kile kile alichofanya Kamusi, ila kwa moyo mzuri.

"Mheshimiwa," alisema, "Kiingereza kinanidai nichague. Siwezi kumchagulia. Naomba aulizwe swali moja."

"Lipi?"

"Kama asingekwenda, wangapi wangetoka?"

"Napinga!" Wakili alisema.

"Pinga ukiwa umeketi," alijibu mwenyekiti. "Mzee, umesikia swali."

Mzee Filimbi alisikia. Aliutazama mkono wake wenye bandeji, akaitazama meza, akatazama kila kitu isipokuwa watu. Kule nyuma, mama mmoja mnene, mshonaji wa vifungo, mmoja wa wale wawili wa chini ya meza ya kukatia, hakuweza kuvumilia.

"Sema, Mzee! Au unangoja tufungiwe tena ndipo useme?"

"Mama, nitakutoa nje!"

"Nitoe, mheshimiwa! Hapa mlango uko wazi!"

Washonaji wakapiga makofi. Mwenyekiti akagonga meza, na wakati akigonga, Mzee Filimbi aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyebeba gunia muda mrefu akagundua ghafla kwamba si lake.

"Hakuna," alisema. "Asingetoka hata mmoja. Ufunguo ulikuwa mgahawani." Akamgeukia wakili. "Unataka neno? Chukua neno. Niliwaokoa. Thelathini na mmoja, niliwahesabu wakiingia nikawahesabu wakitoka. Anayeona najisifu, na aone. Nimechoka kuwa na adabu kwa watu waliofunga mlango."

"Sasa amebadilisha maelezo yake!" Wakili alilalamika.

"Sijabadilisha. Nilikuwa naona haya kwa niaba yenu."

"Mkalimani," alisema mwenyekiti.

Na Sindano akasema kwa Kiingereza. "I rescued them." Hakunong'ona. Alilisema neno lile kwa namna ambayo karani wa chumba cha pili alichungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha akaendelea na yaliyobaki, mgahawa, adabu, haya, yote, bila kupunguza hata punje.

Walitoka nje nusu saa, wakaitwa tena. Mwenyekiti hakupamba. Kifungu cha tisa kinamruhusu mlinzi kuvunja kuokoa maisha, maisha yaliokolewa, kufukuzwa kwake kumebatilishwa, arudi kazini Jumatatu. Habari ya kufuli inapelekwa kwa wakaguzi wa usalama kazini. Na ofisi ya tafsiri ilete mhuri wake hapa pamoja na maelezo ya maandishi.

Ukumbini washonaji walimzunguka Mzee Filimbi wakimvuta huku na huku hadi koti likakunjamana. Yule wa vifungo alikuwa anamgombeza. "Roho yangu mimi unaiita msaada? Msaada ni kunibebea kapu!" Mzee alicheka, akimwomba radhi.

Kamusi alimngoja Sindano kwenye ngazi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira, na kwa mara ya kwanza alikosa neno la kuanzia. Alipolipata lilikuwa dogo. "Usije kesho."

"Nitakuja, bosi."

"Nimesema usije!"

"Ukitaka kunifukuza, niandikie barua. Na kwenye barua uandike sababu, kwa lugha yoyote unayopenda." Macho hakuyainamisha. "Mezani kwangu kuna maelezo ya mashahidi wawili. Yule dereva na yule mama wa jikoni hospitalini. Nimeshawapigia simu. Watakuja saa tatu wasomewe."

Akampita, akashuka ngazi.